Injini Niliyoiacha Ibadakuli

Nyarugusu, Geita
Jumapili, baada ya misa

Mama Anjela mke wangu,

Naanza kwa salamu, na ninakuomba usiziruke. Nakujua wewe, ukifungua barua yangu macho yanakimbia kutafuta neno "gari" kabla hata hujaketi. Gari tutalifikia. Kwanza niambie, kifua cha mama kimetulia au bado anakohoa asubuhi? Anjela anakwenda shule mwenyewe au bado mnasukumana mpaka njia panda? Na kahawa inaonyesha nini mwaka huu, maana watu wa kwetu waliopo huku kila mmoja anasema lake. Mimi mwili ni mzima, nakula, nafua nguo zangu. Kinachonisumbua ni kichwa, na si malaria.

Ningekupigia, lakini simu yako unajua ilivyo. Jioni ukipokea unaweka sauti kubwa ili mama asikie, na kaka yangu Benedikti naye yupo hapo kwenye benchi anasubiri chakula, anasikia yote. Haya ya leo si ya kwenye benchi. Ndiyo maana nimempa barua Tito, mtoto wa fundi cherehani wa pale sokoni, ambaye anarudi nyumbani kujiuguza mkono. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe. Soma peke yako kwanza, halafu utaamua umsomee nani.

Nilikwambia gari lina hitilafu ndogo, kwa sababu sikutaka ushike jembe ukiwa na presha. Sasa nakwambia ilivyo. Injini imenoki. Imekufa kabisa.

Nilikuwa nimebeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, navipeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Kazi ya kila siku. Mshale wa joto uliacha kufanya kazi zamani na mimi nikazoea kuendesha kwa masikio. Siku hiyo masikio hayakunisaidia. Gari lilianza kuishiwa nguvu kwenye kamlima ambako hata baiskeli inapanda, moshi mweupe ukajaa nyuma, na nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta ndani kumekuwa chai ya maziwa. Maji na oili vimechanganyika. Nilikaa chini pale pale barabarani. Mwenye mawe akawa anapiga simu kuuliza mzigo wake uko wapi, nikaiacha iite.

Sina haja ya kukueleza gari hili ni nini kwetu, lakini acha niandike, maana kuandika kunanipunguzia. Ni shamba la kahawa alilokuachia baba yako. Tuliliuza tukanunua mkonga, Landikruza ya zamani ambayo watu waliicheka, na shangazi zako wakasema Kosmas amemlisha mtoto wetu kitu. Hatuna kingine. Nikiweka injini mbovu ndani ya gari hili, shamba la baba yako limekwisha, na mimi nitarudi nyumbani na begi mgongoni.

Fundi wangu anaitwa Ramadhani, mtu wa Kigoma. Gereji yake ni turubai na magogo mawili ya kuning'inizia winchi. Ni mtu wa maneno machache, na hicho ndicho kinachonitesa, kwa sababu mimi nikiwa na hofu nataka mtu wa kuongea naye. Alifungua silinda hedi, akamulika ndani, akaenda kunawa mikono. Nikajua hapa hakuna matengenezo. Akasema bloku imepasuka, tutafute injini nyingine, na ya kuchagua nichague mimi kwa kuwa gari ni langu. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuiba.

Huku kila mtu ni mtaalamu wa injini. Ukisimama kununua vocha unashauriwa. Na machimboni injini husifiwa kwa jambo moja tu, nguvu. Mwenye karasha mmoja ninayempelekea mawe aliposikia habari zangu alinifuata mwenyewe. Ana injini ya aina ileile ya gari letu, silinda sita, dizeli ya kawaida isiyo na mambo ya umeme, ambayo ilikuwa ikizungusha karasha yake kabla hajavuta umeme wa gridi. Ingeingia bila kukata wala kuchomelea kitu. Akaiwasha mbele yangu, ikanguruma vizuri, nikafurahi mpaka nikampa mkono. Watu wa huku ndivyo wanavyofanya, injini ya gari inahamia kwenye karasha, ya karasha inarudi kwenye gari, kama majirani wanaoazimana sufuria.

Ramadhani akaizima injini. Alifungua bomba linaloingiza hewa, akapitisha kidole ndani, akanionyesha. Kidole kilitoka na uji wa kijivu, vumbi la mawe limeshikana na oili. Injini ile ilikuwa imekula mawe muda wote iliokaa pale. Akasema itaendelea kunguruma hivyo hivyo vizuri mpaka siku itakapoacha, na siku hiyo haitatoa taarifa. Nikarudi kwa yule bwana kuomba radhi kwa mkono niliompa. Mpaka leo ananisalimia kwa kidevu.

Tukaenda Kahama, kwenye duka la injini zilizotoka Japani. Pale kuna injini yenye tabo ya kuiongezea nguvu, inang'aa, muuzaji anakuita "bosi" kila neno la pili. Mke wangu, niliitamani. Nilijiona nimepakia mzigo wote, napanda mlima wa Lukumburu bila kubadili gia, wewe umekaa pembeni yangu na kitenge kipya. Ramadhani akaweka kiganja kwenye bloku kabla hawajaiwasha, akaniita nami niweke. Ilikuwa ya moto. Walikuwa wameipasha kabla hatujafika, ili ishike haraka mbele ya mteja. Tena ina kontrol boksi na nyaya zimejaa kama utumbo wa mbuzi, na ikigoma huku porini hakuna wa kuipima. Nikaondoka nikigeuka nyuma.

Runzewe kulikuwa na ya tatu, ndogo, silinda nne, imetolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Nzima, haina mambo mengi, lakini ndogo. Niliitazama nikacheka. Nikamwambia Ramadhani hii ni ya kuchanganyia zege, si ya kuvuta mkonga uliojaa mawe.

Basi nikiwa nimekata tamaa, mfanyabiashara mmoja wa mchele niliyewahi kumbebea mzigo akaniambia kuna mtu Ibadakuli, kule Shinyanga karibu na uwanja wa ndege, anaitwa Mayunga, anauza injini iliyo ndani ya gari lililoegeshwa. Tukapanda basi mimi na Ramadhani, tumebeba betri na dumu la dizeli kama watu waliofukuzwa nyumba.

Mayunga ni mtu mzima, mpole, mwenye kuheshimu wageni. Alitupokea kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, akacheka nilivyoijibu, akatuletea maji ya kunawa yeye mwenyewe. Gari lilikuwa uani, ubavuni mwa zizi. Mkonga kama wetu, rangi tu tofauti. Alisema lilikuwa la kaka yake aliyefariki, halijawashwa tangu msiba, na familia imeshakubaliana. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha nyuma. Niliweka kiganja kwenye bloku kama nilivyofundishwa Kahama, ikawa baridi kabisa.

Ramadhani akafunga betri, akatoa hewa kwenye mipira ya dizeli, akaniambia niwashe. Mara ya kwanza ikazunguka ikakataa. Mara ya pili ikashika. Mama Anjela, nilisikia sauti ya gari letu lilivyokuwa wiki tuliyolinunua. Ramadhani akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akakilaza juu ya tundu lake. Injini iliyochoka hukirusha kifuniko kile kwa pumzi. Hapa kilitulia. Moshi hakuna. Ramadhani akatabasamu, na mimi sikuwahi kujua kwamba ana meno. Nikasema kimoyomoyo, Mungu amenikumbuka.

Tukapatana bei, ya kulipwa injini ikifika barabarani, na Mayunga akatuambia tuanze kufungua, yeye anakwenda kuazima mkokoteni wa ng'ombe wa kuitolea mpaka barabarani. Tukaanza. Tulikuwa tumeshalegeza bolti za mauntini, vile vishikizo vya injini, upande mmoja alipokuja mama mmoja na sahani ya michembe na karanga. Michembe ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ungevipenda. Alikuwa amejifunga kitenge cheusi. Ni Mama Kabula, mke wa marehemu. Nikampa pole ya msiba. Akatuuliza kama tunalitengeneza gari. Nikamjibu hapana mama, tunatoa injini, tumeinunua.

Hakupiga kelele wala hakulia. Aliweka sahani juu ya bampa akasimama. Nikaanza kujieleza, maana ndivyo nilivyo. Nikamwambia shemeji yake amesema familia imekubaliana. Akasema ni kweli wamekubaliana. Matanga yalipoanuliwa wazee walitamka mbele ya watu kwamba gari ni la mke wa marehemu, alee nalo watoto, ila makabidhiano yenyewe yatafanyika ukoo utakapokaa kugawa mali. Mama huyo alikuwa ameshaongea na dereva wa kubeba nalo mpunga. Halafu akaniambia neno ambalo nimetembea nalo mpaka leo:

"Watanipa gari, baba. Watanikabidhi funguo watu wote wakiona. Boneti hakuna atakayeifungua."

Nilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na spana mkononi. Ndipo nikaelewa kwa nini Mayunga hakuwa anauza gari zima. Gari likiondoka uani, ukoo utauliza. Injini ikiondoka, gari bado lipo pale pale na kuku wake, na siku ya kikao kila mzee atalipungia mkono aseme lile ni la Mama Kabula. Mjane atabaki na chuma cha kuanikia michembe.

Nisikudanganye nikasema nilishuka hapo hapo kama malaika. Nilibishana na nafsi yangu pale. Nilijiambia nisipoichukua mimi atachukua mwingine kesho. Nilijiambia na mimi nina mke, na mimi nina mtoto, shamba la mkwe wangu limelala chini ya turubai kule Nyarugusu. Nikamtazama Ramadhani anisaidie. Akasema yeye ni fundi, nikisema afungue atafungua. Nilimchukia kidogo.

Mama Kabula akaniuliza kama nina mke. Nikasema ninaye, yuko Mbinga, mbali sana. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu ya kuongea na mgeni:

"Gari lako limeandikwa jina lake?"

Wewe na mimi tunajua kadi ile ina jina la nani. Siku tuliyolinunua pale Songea kitambulisho changu kilikuwa bado hakijatoka, Kaka Benedikti alikuwa amesimama hapo na karatasi zake zote zimekamilika, tukasema liandikwe jina lake, tutabadilisha baadaye. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi la nje umempakata Anjela. Hakuna aliyetoka kukuuliza. Hata mimi.

Nikamwambia Ramadhani tukaze bolti. Akazikaza bila kuuliza, tena akazikaza vizuri kuliko zilivyokuwa. Kisha akafuta grisi kwenye ubavu wa bloku, akamsomea Mama Kabula namba ya injini iliyochongwa pale, naye akaiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko lake. Ramadhani akamweleza kwamba siku ya kikao, kabla hajapokea funguo, awaombe wazee wafungue boneti wailinganishe. Mama Kabula akasema wabheja, yaani asante, akatufungia karanga za njiani.

Mayunga alirudi na ng'ombe wake wamefungwa nira. Alipoona boneti imefungwa uso ulibadilika. Nikamwambia ukoo ukikaa, huyu mama akapewa gari lake, na kama atataka kuuza injini mwenyewe, nitarudi kwa miguu. Hakunitukana. Alinitazama kama mtu aliyeonewa kweli, akaonyesha gari kwa fimbo.

"Mimi sijauza gari la mtu," alisema. "Gari hilo hapo. Liko uani."

Na nilivyomwona mimi, anaamini hivyo. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kama angekuwa mwizi wa kawaida. Akasema ana mteja mwingine, atakuja wiki hiyo hiyo. Tukaondoka, Ramadhani na betri begani, mimi na dumu. Mpaka leo sijui kama injini ile bado ipo. Nilimpigia mfanyabiashara wa mchele anichunguzie, akasema mambo ya ukoo wa watu hayaingilii. Mkonga ukipita hapa barabarani nageuka kusikiliza, nakaza masikio mpaka unapotea.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa na hasira na kila mtu, pamoja na Mama Kabula wa watu. Nilimuuliza Ramadhani kama tumefanya ujinga. Alikuwa amelala.

Basi injini nimeshachagua. Ni ile ndogo ya Runzewe niliyoicheka. Tuliikuta baridi, tukaiwasha baridi, ikashika, kifuniko kikatulia. Ramadhani anachonga bamba la kuiunganisha na gia boksi yetu na kuchomelea mauntini mapya, na kila nikimtembelea ananiambia niende nikafanye kazi zangu, wakati kazi yangu ameifungua yeye vipande vipande. Gari litabeba nusu ya mzigo liliokuwa linabeba. Mwenye mawe ameshaanza kumpa mtu mwingine safari zangu, sijui kama atanirudisha. Nina hofu, Mama Anjela. Nina hofu bamba lisije likapasuka, nina hofu injini isije ikachemka, nina hofu nimechagua kwa uoga badala ya akili. Ukisikia moyo wangu ukiwa huko, ni kweli unausikia.

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Injini ikibadilika, namba mpya lazima iandikwe kwenye kadi ya gari, na mamlaka hawaandiki mpaka mtu mwenye jina lake kwenye kadi asaini. Maana yake ni Kaka. Ningeweza kumtumia karatasi akasaini huko huko, namba ikabadilika, maisha yakaendelea. Sitaki. Nimeamua nikilimaliza gari nalileta nyumbani mwenyewe, kabla ya mavuno ya kahawa. Nitapanda mlima wa Nyang'oro kwa gia ya kwanza, nitapanda Lukumburu kwa gia ya kwanza, likichemka nitasimama nikae kwenye nyasi mpaka lipoe. Na likifika, Kaka atasaini mara moja kwa yote mawili, injini mpya na mwenye gari mpya. Jina litakaloandikwa ni lako, kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Kitafute tangu sasa, nadhani kiko kwenye lile begi la nguo za ubatizo.

Usinielewe vibaya. Kaka Benedikti ndiye aliyenisomesha, na nikiumwa ndiye atakayekuja kunibeba. Simwiti mwizi. Lakini Mayunga naye alinipa maji ya kunawa kwa mikono miwili, na majirani zake wote wanamsifu. Mimi nafanya kazi kwenye mashimo, barabara za huku unazijua kwa habari tu. Nikiwaza wewe umesimama uani na sahani mkononi, watu wageni wamefungua boneti, wanakwambia familia imekubaliana, naacha chakula nusu natoka nje.

Mwombe mjomba wako na katekista wetu wawepo siku nitakayofika. Usiwaeleze sababu, waambie Kosmas anakuja na gari lake lina sauti mpya, waje wasikie. Watakuja, watu wa kwetu hawakatai kucheka.

Msalimie mama, mwambie asiache ile dawa ya kifua hata akijisikia nafuu. Msalimie mama wa ubatizo wa Anjela kwa kukusaidia palizi. Mbusu Anjela, mwambie baba anakuja polepole, asikae barabarani kusubiri. Msalimie na jirani yetu mwenye ng'ombe, aliyekuwa wa kwanza kutucheka.

Kaka mpe salamu zangu za heshima, usipunguze neno. Na akikuuliza nakuja kufanya nini, mwambie. Mwambie yote kama nilivyoandika, nimekuruhusu. Kama ni kukubali, nitamshukuru nimepiga magoti. Kama ni kukataa, nataka akatae sasa, mimi nikiwa hai, nimekaa mbele yake namtazama.

Mumeo,
Kosmas, Baba Anjela